Meneja Tuliyemjaza

Kiwanda cha sabuni kilipouzwa, watu wake walihamia kwenye gogo. Lilikuwa gogo la mkaratusi lililolazwa nje ya karakana ya kuchomelea vyuma pale Ngarenaro, na kila asubuhi wanaume waliopunguzwa kazi walikaa juu yake kusubiri malori ya mizigo. Lori likisimama, dereva hakuchagua mtu. Alisema tu anataka wangapi, na gogo lenyewe likaamua nani apande: nani ana mgonjwa nyumbani, nani hajapata kibarua wiki nzima. Ukikaa pale ulikuwa bado mtu wa kiwanda. Usipokaa, hukuwa mtu wa mahali popote.

Miaka hiyo nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na digrii ambayo serikali haikuwa tena na mahali pa kuipangia kazi. Kila kitu kilikuwa ruksa, mitumba, dola, magazeti ya kila namna, na mimi nilikuwa ruksa kukaa bure. Nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya Meru, baba alitaka nichume naye kahawa, na kila Jumapili baada ya ibada wazee waliniuliza nimepangiwa wapi. Nikakimbilia mjini, nikapanga chumba Levolosi na kujiunga na kikundi cha maigizo. Wafadhili walikuwa wametupa fulana ili tuigize habari za mageuzi ya uchumi. Walitaka igizo la matumaini. Matumaini hatukuwa nayo, kwa hiyo tukaamua kuigiza kufungwa kwa kiwanda.

Nafasi ya meneja tulimpa jirani yangu, mwanamume wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Kondoa, aliyepika sabuni kiwandani tangu ujana wake. Gogo zima lilimpenda, maana aliweza kumwiga mtu yeyote, kuanzia shehe mpaka askari wa barabarani. Siku ya kwanza ya mazoezi alikuja na mto ameufunga tumboni chini ya koti.

"Ambaye sijamfukuza anyooshe mkono!" alinguruma, na kikundi kizima kikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na tabia, bado ninayo, ya kuuliza pale ambapo wengine wameridhika.

"Shikamoo, kaka," nilimwambia. "Lakini huyo si mtu. Huyo ni tumbo."

"Marahaba, msomi. Kwani meneja ni nini kama si tumbo?"

"Asubuhi anakula nini?"

"Watu."

Walicheka tena. Niliendelea. "Anaogopa nini?"

"Aogope nini, na gari analo?"

"Nyumbani kwake anamficha nani kitu?"

Alifungua koti, akauchomoa mto na kuuweka sakafuni. "Mdogo wangu, unataka nimhurumie yule mtu?"

"Nataka tumjue."

"Namjua vya kutosha. Siku ile aliniambia kazi imekwisha huku anatazama viatu vyangu. Usoni hakunitazama."

"Kwa nini alitazama viatu?"

"Wewe mtoto una maswali ya polisi," alisema, na siku hiyo hakufanya tena mazoezi.

Wakati ule niliamini, na sijaacha kuamini, kwamba mtu wa kubuni hasimami jukwaani mpaka mwigizaji ajue kitu anachokitaka na kitu anachokificha. Watazamaji hawahitaji kuambiwa yote. Lakini lazima yawepo, kama mifupa. Ukimpa tumbo peke yake, watu watacheka na kurudi nyumbani walivyokuja.

Baada ya siku kadhaa jirani yangu alirudi bila mto. Aliomba tukae tumtazame tu. Meneja wake alitoka nyumbani asubuhi akiendesha gari, na kabla ya kufika getini akalisimamisha kando. Alishuka. Akashika ua la michongoma kwa mkono mmoja, akaanza kujaribu salamu. "Habari za asubuhi." Sauti ilitetemeka. "Habari za asubuhi, jamani." Akakohoa, akarudia, mpaka sauti iliponyooka, ndipo akaingia. Alijua kiwanda kimeshauzwa na amekatazwa kusema. Jioni alimkaripia mkewe kwa kumtilia sukari kwenye chai, akidai inamdhuru, kumbe alikuwa ameanza kubana matumizi kabla ya mtu yeyote kujua sababu. Mkewe alipomuuliza habari za kazi, alijibu, "Nyingi mno, mama. Nimechoka," kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Dada aliyeigiza mkewe alifuta pua kwa kanga. "Umeyatoa wapi haya?"

"Msomi si alisema tumjaze? Nimemjaza."

Tuliigiza Jumamosi alasiri, kwenye uwanja mdogo karibu na karakana. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu tangu asubuhi na manyunyu yalikuwa yakija na kwenda. Gogo zima lilikuja. Meneja alipotokea walipiga miluzi na kumtukana kwa furaha. Alipolishika ua na kuanza kujaribu salamu, miluzi ilikufa mmoja mmoja. Mama mmoja aliyebeba beseni la ndizi alisema kwa sauti, "Maskini, baba wa watu!" Nilifurahi. Nilidhani ule ukimya ni ushindi wetu.

Tulikuwa tunakunja nguo za maigizo pale wanaume wa gogo walipotufuata. Mbele yao alikuwa mzee aliyekuwa mlinzi wa geti la kiwanda.

"Umecheza vizuri," alimwambia jirani yangu.

"Ahsante, mzee."

"Miezi ile kabla ya kuanza kutupunguza, meneja alikuwa analisimamisha gari kwenye michongoma kila asubuhi. Mimi nilikuwa getini, nilimwona. Wewe ulikuwa ndani huko kwenye mapipa ya sabuni. Nani alikuambia?"

Jirani yangu alitabasamu kama mtu anayesubiri mwisho wa utani. "Sikuambiwa na mtu. Nimebuni tu."

"Na kwamba alikatazwa kusema, umebuni?" aliuliza mwingine.

"Na chai ya nyumbani kwake?" alidakia wa tatu. "Ulikuwa unakaribishwa?"

"Jamani, ni mchezo!"

"Siku zote tunajiuliza nani alikuwa anampelekea meneja majina ya watu wa kupunguzwa," alisema mzee wa geti taratibu. "Kumbe tunakaa naye."

Niliingilia. Niliwaeleza jinsi mwigizaji anavyomjenga mtu kwa mawazo yake. Niliwauliza, kama huyu alikuwa mtu wa meneja, mbona yeye alipunguzwa na kundi la kwanza?

"Ndiyo maana," alijibu mzee. "Ili asijulikane. Na wewe kijana, hukuwepo."

Kila swali langu lilikuwa na jibu lake tayari. Mimi ninayeshuku kila kitu nilisimama mbele ya watu walioshuku vizuri kuliko mimi.

Jumatatu hakuna aliyemfukuza kwenye gogo. Alisalimia, wakaitikia. Walisogea, akakaa. Lori liliposimama walipanda wenzake, na jina lake halikutajwa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Msikitini, waliokuwa wakirudi naye baada ya swala sasa walikuwa na haraka, au walikumbuka kitu dukani.

Nikaenda kwake. Mkewe alikuwa uani akianika nguo, mwenyewe amekaa kizingitini akiziba jiko la mkaa lililopasuka. Nilimwambia kesho tutakwenda wote kwenye gogo, nitaeleza mbele ya kila mtu kwamba alibuni.

"Sikubuni," alisema.

Kwa dakika moja na mimi nilikuwa mmoja wao.

Alitupa jicho uani, kisha akashusha sauti. "Nilipopunguzwa sikumwambia huyu mama. Mpaka kiwanda kilipofungwa, kila asubuhi nilitoka na ovaroli na chakula changu, nikaenda kukaa chini kule mtoni Themi. Jioni, kabla ya kuingia hapa, nasimama nyuma ya banda la kinyozi. Najaribu. 'Kazi nyingi mno, mama. Nimechoka.' Nikisikia sauti imenyooka, ndipo naingia. Ile ya sukari ilitokea hapa hapa, kwenye chai yangu. Uliniuliza meneja anaficha nini. Ningejuaje anaficha nini? Nikampa vya kwangu."

"Na pale kwenye michongoma?"

"Sikujua. Wallahi sikujua kama na yeye alikuwa anasimama." Alilizungusha jiko mikononi. "Labda kweli alikuwa anafanya kama mimi. Hilo nalo linanikera."

"Basi waambie hivyo hivyo. Ni wenzako. Huenda wengine walifanya kama wewe."

"Huenda. Lakini nani amesema?" Alitazama tena uani. "Huyu mpaka leo anajua nilitoka na kundi la mwisho. Anawasimulia ndugu zake Kondoa kwamba kiwanda hakikutaka kuniachia. Nikilisema gogoni leo, kesho liko bombani. Halafu niwe nani? Mwanamume aliyekuwa anamdanganya mkewe kwa kopo la ugali."

"Afadhali hivyo kuliko kuitwa msaliti."

"Hapana, mdogo wangu. Msaliti alikuwa na kitu cha kuuza."

Nilimuuliza tu kama atacheza Jumamosi inayofuata, maana tulishaahidi kwenda kuigiza Sokon One. Alisema atakuja. Huko hawamjui.

Alikuja kweli, na meneja wake aliwaliza watu. Gogoni hakurudi. Nilikuwa nikipita pale asubuhi na kuona nafasi yake imeshakaliwa na mtu mwingine, kijana wa kiwanda cha magunia, ambacho nacho kilikuwa kimefungwa. Asubuhi moja nilikutana na mkewe bombani, ndoo imejaa, akanisalimia kwa uchangamfu.

"Kaka yako siku hizi anawahi kweli," alisema. "Kabla hakujapambazuka vizuri keshatoka. Anasema malori ya sasa hayamsubiri mtu. Umemwona huko?"

"Nimemwona, shemeji," nilimwambia. "Alikuwa anapanda."

Nikamtwika ndoo, akaenda.