Nilimnyima Mama Arobaini kwa Maneno ya Kwenye Simu

Jamani, kosa ni langu. Msimsingizie shetani, wala msiilaumu mitandao. Ni mimi na kiherehere changu.

Mama alipofariki, mama mdogo alikuja kwangu Mtawanya kutoka Mpapura na kuku wawili na gunia la muhogo mkavu, tupange kisomo na chakula cha arobaini. Mimi nikatoa simu. Nilikuwa na picha ya sheikh mmoja wa Mikindani, pembeni pameandikwa eti kasema kisomo cha arobaini hakifai. Nikamsomea mbele ya shemeji zangu, tena kwa sauti!

"Sheikh huyu huyu?" akauliza. "Mbona ndiye aliyesoma arobaini ya babu yako?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka! Nikamwambia, "Mama mdogo, hayo ya zamani. Siku hizi watu wamesoma." Akafunga mzigo wake, akaondoka.

Mikindani ni pua na mdomo kutoka hapa. Bodaboda tu! Sikwenda kumuuliza mwenyewe.

Siku ya arobaini ikapita kimya. Baadaye nikakutana na sheikh huyo mazikoni, nikamshukuru kwa mbwembwe na kumwonyesha ile picha. Akavaa miwani, akaisoma.

"Sura ni yangu," akasema. "Maneno haya siyajui, mwanangu."

Nikamuuliza rafiki aliyenitumia, akasema kaitoa kwenye kundi la wakulima wa korosho. Huko wakanipa namba ya aliyeirusha. Haipatikani mpaka leo.

Nikaenda Mpapura kuomba radhi, tumsomee mama hata kwa kuchelewa. Mama mdogo alikuwa anageuza muhogo juani, hakunitazama.

"Dada yangu tulishamsomea," akasema. "Hatukukuita. Tuliogopa utatusomea simu."

Nililia pale pale uani kama mtoto. Mama nilikuwa naye mmoja, na kwenye kisomo chake sikuwapo!

Ile picha nimeifuta, lakini nilishaituma kwa ukoo mzima. Juzi binamu yangu wa Nanyamba kafiwa na baba yake, akanirushia hiyo hiyo, anataka kumnyamazisha shangazi anayeulizia arobaini. Nikampigia mbio mbio, nikamwambia ni uongo mtupu.

"Kaka," akanijibu, "si wewe uliyetuletea?" Akakata.

Ndugu zangu, kabla hujasema fulani kasema, mtafute huyo fulani umuulize. Mimi nimeshaujua ukweli, na hakuna anayenisikiliza.