Kushuka Nyasa Kutafuta Mti wa Kitanda

Niliondoka Mbinga kwa sababu ya kitanda. Binti yangu Kristina alikuwa ameshaposwa, ndoa imepangwa baada ya mavuno ya kahawa, na mimi baba yake ni mkereza. Asiyeijua kazi hii nimweleze: nina keezo, mashine ya kukanyaga kwa mguu, inayozungusha kipande cha mti huku mimi nikikichonga kwa patasi mpaka kinatoka mguu wa meza, au bakuli, au mchi. Nimekanyaga miaka mingi hadi mguu wangu wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto. Sasa fundi wa namna hiyo akimwoza binti bila kitanda cha miguu iliyokerezwa, uso wake atauficha wapi?

Shida ilikuwa mti. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yalijaa redio na magodoro ya sponji, mitumba ikamwagwa chini sokoni, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na magari yao, na nyuma yao wakaja wanunuzi wa mbao. Hao walinunua mti ukiwa bado umesimama. Mninga wa maana ulipanda lori kabla fundi wa hapa hajaupapasa. Na mimi, nasema bila aibu, sijawahi kununua mti maishani mwangu. Nimeishi kwa kuokota: kinu kilichopasuka, nguzo ya nyumba iliyobomolewa, gogo lililoangushwa na upepo, masalia ya kiwanda cha mbao. Siku hizo hata masalia yalikuwa na mwenyewe.

Nilikuwa na rafiki, Habili wa Lundo, mchuuzi wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Kila akipandisha mzigo wake Mbinga alikuwa anapumzika karakanani kwangu. Alinikuta siku moja nimekaa juu ya keezo, mikono mitupu.

"Fundi, unalia mti wewe? Shuka Nyasa. Kule mitumbwi mizee imelala tu, hata kuni haipasuliwi."

"Ya bure?"

"Mtumbwi mzee nani atakuuzia?"

Sikuuliza kwa nini haipasuliwi kuni. Mtu mwenye shida ya mti husikia anachotaka kusikia. Nilinoa msumeno, nikachukua shoka na magunia, na mke wangu akanifungia viazi vya kuchemsha.

"Nenda," akasema Mama Kristina. "Ila usinirudie na hadithi. Rudi na mti."

Namswea nilifika siku hiyo hiyo, jioni. Nilipitia huko kwanza kwa sababu shemeji yangu Kapinga, kaka wa mke wangu, alikuwa ameng'oa sehemu ya mibuni yake. Kahawa ilimkasirisha. Dawa na mbolea alizokuwa akikopeshwa zamani hakuna tena, na bei kila mnunuzi anasema lake. Akang'oa, akapanda mahindi. Mashina yalikuwa yamerundikwa nyuma ya jiko, na shemeji mwenyewe hakutaka hata kuyaangalia. Mkulima wa kahawa aking'oa mbuni anakuwa kama aliyefiwa, na mimi nilikuja pale na msumeno begani kama mnunuzi wa nguo za marehemu.

"Chukua yote," akasema. "Yasinitazame."

Nikapasua moja. Mti wa mbuni ni mweupe unaoelekea manjano, mgumu, nyuzi zake zimebanana, na kwenye keezo unatoka laini bila kulalamika. Lakini unene! Shina kubwa kuliko yote lilikuwa sawa na mkono wa mtoto. Nikamweleza Kapinga kwamba miguu ya kitanda haitoki hapo.

"Mkwe wako ni mnene?"

"Wa kawaida."

"Basi mpunguzie ugali mpaka siku ya harusi, miguu hii itamtosha."

Tulicheka sana, naye alikuwa hajacheka muda mrefu, mkewe aliniambia. Nikafunga mzigo mmoja wa mashina kwa ajili ya vishikio vya patasi, nikauacha hapo niupitie siku nyingine, nikalala.

Kesho yake nilirudi barabarani nikapata lori lililokuwa linashuka tupu kwenda kupakia samaki. Anayeishi Mbinga anazoea kuvaa sweta mpaka mchana. Kwenye mteremko ule unavua kitu kimoja kila baada ya kona chache. Nilianza na sweta, ikafuata kofia, na tulipoliona ziwa nilikuwa nimebaki na shati lililofunguliwa vifungo. Lori liliishia Mbamba Bay. Kutoka hapo nikadandia magari mengine na kutembea kwa mguu, msumeno umefungwa gunia, kila ninayekutana naye ananiuliza kama natafuta kazi ya kujenga kanisa.

Lundo nilipiga hodi kwa Habili jua linazama. Akaruka kama ameona mzimu.

"Umeshuka kweli! Mimi nilidhani maneno ya sokoni."

Mkewe alitupikia ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga. Ugali wa muhogo, sisi tuliokulia kwenye mahindi, unatushinda ujanja. Unavutika, unakung'ang'ania vidole. Watoto wa nyumba waliniangalia ninavyohangaika, wakaziba midomo. Usipa ule lakini, loo, nilikula mpaka nikaona haya.

Asubuhi tulienda ufukweni. Masika yaliyopita mito ilikuwa imebeba magogo kutoka juu na kuyatupa kwenye mchanga, na kwa macho tu ungesema utajiri huu hapa. Nikaanza kugonga moja moja kwa kisogo cha shoka. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu. Haya yalijibu kama mtumishi mvivu. Gogo moja la mkangazi lilinipa tamaa, nikalikata katikati, ndani likatoka maji. Mengine jua lilikuwa limeshayapasua toka kichwa hadi mkia. Nilishinda pale mpaka shingo ikababuka, na mikononi sina hata kipande cha kijiko. Niliingiwa na hasira. Nilimwambia Habili kwamba amenileta kuoga.

"Wewe umekimbilia magogo," akasema. "Mimi nilisema mitumbwi. Twende Kihagara kwa shemeji yangu, Mama Monika, mjane wa kaka yangu. Mtumbwi wa kaka upo."

Kihagara tulifika siku iliyofuata. Mama Monika alikuwa ameanika usipa juu ya kichanja, anafukuza kuku. Ni mama mtu mzima kunizidi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniulizia habari za huko kwenye baridi. Mtumbwi ulikuwa nyuma ya nyumba, umefudikizwa juu ya mawe, na juu yake kuna kijipaa cha nyasi. Nilishangaa. Chombo kilichokwisha kazi kimeezekewa kama nyumba! Nikajisemea kwamba watu wa ziwani wana nafasi.

Nikakwangua kwa kisu. Mninga. Mwekundu, mkavu, umekaa kivulini miaka bila ufa. Ubavuni ulikuwa mwembamba kama ilivyo mitumbwi yote, lakini kwenye ncha mbili, mbele na nyuma, aliyeuchonga aliacha nyama ya mti nene ajabu. Nikapima kwa shibiri. Miguu minne ya kitanda ilikuwa imo humo, inanisubiri. Moyo ulinienda mbio kama wa kijana.

"Uchukue, baba," akasema Mama Monika nilipomwomba. "Kuupasua kuni siwezi, umelisha watoto wangu. Kuuza siwezi. Wewe ni fundi, utautendea heshima. Utaufanya nini?"

Sasa, kwetu ukiomba kitu kwa ajili ya harusi, unatamka kwa sauti ili mwenye kutoa naye afurahi. Nikajibu kwa kifua mbele:

"Kitanda cha bibi harusi, mama! Binti yangu anaolewa."

Habili alikohoa. Mwanamke jirani aliyekuwa anapanga samaki akaacha, akajifunga khanga upya, akaondoka bila kuaga. Mama Monika alinitazama kama mtu anayejaribu kujua kama nimemtukana makusudi.

"Habili hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Huku mtu akifia mbali, barabara hakuna, anarudishwa kwa maji. Baba Monika tulimleta humo, amelala. Kabla yake mama mkwe, humo humo. Na majirani zetu waliazima tukawapa. Ndiyo maana unaona tumeuezekea. Unataka binti yako siku ya kwanza ya ndoa alale walipolala hao?"

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mzima. Lakini nilikuwa nimeshaiona ile miguu minne.

"Mama, mti ni mti. Nikishaukereza unakuwa kitu kipya, huwezi hata kuutambua."

"Wewe hutautambua," akasema. "Mimi nitajua kuna mtoto wa watu amelala juu yake."

Nilijisikia vibaya mno. Nikaanza kukusanya vifaa vyangu, uso nimeuinamisha, nikimwomba radhi. Ndipo akaniambia nikae. Akafikiri, akasema mtumbwi ule kazi yake ya kwanza ilikuwa chakula, hayo mengine yalikuja kwa shida. Ukirudi kwenye chakula hana kinyongo. Mabakuli, miiko, mbuzi za nazi, chochote cha jikoni.

"Kitanda hapana. Kiti cha kukalia, sawa. Niahidi mbele ya shemeji yangu."

Nikaahidi. Alikwenda kuchota maji ziwani, tukamshushia mtumbwi kutoka kwenye mawe, akausugua kwa mchanga, ndani na nje, taratibu, jinsi anavyosugua sufuria. Sisi wanaume tulisimama tu. Alipomaliza akaingia ndani, akafunga mlango, na sauti ya msumeno ilipoanza hakutoka.

Kurudi kulichukua muda kwa sababu ya mzigo. Vipande vilijaa magunia, na kila dereva aliyenibeba alitaka kujua ni nini kizito namna ile. Kwenye mlima nilivaa shati, halafu sweta, na ninakiri kwamba njia nzima nilikuwa nahesabu miguu minne. Mbinga si Kihagara. Nani angekuja kuuliza?

Nyumbani nilimwaga mzigo karakanani. Mama Kristina alivipapasa vile vipande vinene, akafurahi.

"Haya sasa! Si hii miguu yenyewe?"

Nikamsimulia yote. Nilitegemea atasema nimeshikwa na ushirikina wa watu wa maji, sisi tuendelee. Alikaa juu ya gunia, akaguna.

"Kwa hiyo yule mama anasema mti unabaki na waliolala juu yake."

"Ndivyo wanavyosema huko."

"Hatuwezi kumlaza Kristina humo."

"Najua. Basi binti wa mkereza atanunuliwa cha chuma kutoka Songea, watu waseme." Na nilikuwa karibu kulia, mzee mzima.

Akasukuma kipande kimoja kwa mguu. Halafu akaniuliza: "Kitanda chetu ni mti gani?"

"Mninga. Unajua. Nilikikereza mwaka tuliooana."

"Na waliolala juu yake ni akina nani?"

Alisimama, akaingia chumbani, nikasikia anaburuta godoro. Nilipomfuata alikuwa ameshaanza kulegeza kamba.

"Amezaliwa hapa," akasema. "Kama mti unakumbuka, huu una mambo mazuri ya kukumbuka. Miguu imekuwa ya kizamani, minene kama wewe. Ipunguze, itie urembo wa kisasa. Unasimama nini?"

Nikaipachika ile miguu kwenye keezo, mmoja baada ya mwingine. Ngozi nyeusi ya miaka ilitoka kwa patasi ya kwanza, na ndani mninga ulikuwa mwekundu vile vile kama siku nilipoukata. Sijawahi kukanyaga keezo kwa furaha kama siku zile.

Mtumbwi nao nimeutumia kama nilivyoahidi. Bakuli la kwanza Habili alimpelekea Mama Monika, na jibu lililorudi lilikuwa gunia la usipa. Mafundi wenzangu wakiniuliza wapi kuna mti wa bure, nawaambia upo, tena mwingi, lakini ukiuomba utulie kwanza, umwache mwenyewe akueleze ulikuwa unafanya kazi gani. Usitangulize shida yako.

Siku ya kupeleka vyombo, wakwe walikuja kwetu kwanza kukagua kama ilivyo desturi. Mama wa bwana harusi alipitisha kiganja kwenye mguu wa kitanda, kutoka juu mpaka chini.

"Mninga kama huu siku hizi mmeutoa wapi?"

Nilijiweka sawa kueleza, Namswea, Lundo, Kihagara, yote. Kristina akaniwahi.

"Nimezaliwa juu yake, mama."

Yule mama aliuondoa mkono, akamtazama Kristina, akamtazama mke wangu ambaye alikuwa ameinama anachezea ncha ya khanga. Kisha akageuka, akaketi katikati ya kitanda kwa uzito wake wote, akawaita wenzake waliobaki mlangoni.

"Njooni mkae," akasema. "Hapa wamezaliwa watu, ni nyumbani."