Nilivyogombana na watu mtandaoni kutetea kitabu cha nyota mbili

Wakuu, salamu kutoka Kindu. Haya yamenitokea kweli. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi ya mtu mwenye akili.

Kiswahili changu ni cha huku Maniema, Kongo, kwa hiyo mkikutana na "njo" badala ya "ndiye" msinirekebishe.

Mimi ni mtu wa nyota. Kitabu kikiwa chini ya nyota nne sikigusi.

Kabla ya kupakua kitabu nasoma review zote. Za wanaosifu, za wanaoponda, hata ya yule anayelalamika kwamba chake kilifika kimelowa. Mara nyingi nikimaliza review, hamu ya kitabu chenyewe imeshaisha.

Kwenye grupu letu la wasomaji hapa mjini waliniita Bwana Nyota. Mimi nilidhani ni heshima.

Sasa twende nyuma kidogo.

Miaka ya vita nilikuwa mdogo. Mji ulifungwa. Barabara hazipitiki, mashamba hayaendeki, chumvi unaiota tu.

Mama alikuwa amekwenda upande wa Lubutu kumuuguza dada yake, njia ikafungwa nyuma yake. Tukabaki na baba, wadogo zangu, na Yaya Zaina. "Yaya" huku ni ndugu mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa kila kitu nyumbani.

Risasi zikianza, Yaya anatulaza kwenye korido, mbali na madirisha. Kisha anafungua kitabu cha Kifaransa ambacho mpangaji wetu alikiacha alipokimbia. Anatusomea kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na kidole chake kinafuata mistari.

Wakuu, kile kitabu!

Kilikuwa cha mjane mmoja, Rozali, katika mji wa baridi huko Ulaya. Anavuka msitu na mzigo kichwani. Kila kizuizi anawadanganya wanajeshi. Leo anajifanya kiziwi, kesho anawapikia sombe mpaka wanasinzia, naye anapita.

Ndiyo, sombe. Ulaya. Kwenye theluji. Nimesoma mpaka chuo kikuu na bado sikuwahi kujiuliza majani ya muhogo aliyachuma wapi.

Barabara ilipofunguka mama alirudi, amekonda lakini mzima. Kitabu sijui kiliishia wapi. Jina lake tu ndilo lililonibaki kichwani. Sitalitaja hapa, mwandishi anaweza kuwa na watoto.

Mwaka huu nikalitafuta mtandaoni. Nikalipata.

Nyota mbili.

Mmoja ameandika kwamba alisinzia kabla hata ya kufika katikati. Mwingine anasema alikigawa, na aliyepewa alimrudishia.

Damu ilinichemka. Nilimjibu kila mmoja, kwa Kifaransa changu cha hasira, chenye makosa mpaka kwenye salamu. Yule wa kusinzia nilimwambia akapimwe malaria.

Halafu nikaweka nyota tano na review ndefu kuliko zote. Rozali, msitu, vizuizi, vyote nilivitaja. Watu wakaanza kuipenda. Nikajiona mtetezi wa fasihi.

Sikuishia hapo. Nikalishika grupu: lazima tusome hiki. Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka hapa Mikelenge, akaagiza nakala kwa ndugu yake, zikaja pamoja na mizigo yake ya dukani. Alinitumaini, kwa sababu eti mimi najua kuchagua.

Yeye ndiye aliyemaliza wa kwanza. Akaniita dukani, mbele ya wateja.

"Bwana Nyota, nimesoma mupaka mwisho. Mama ya sombe iko wapi?"

"Papa, pengine umeruka kurasa."

"Niruke kurasa? Mimi nasoma mupaka maandiko ya kwenye mufuko ya saruji! Humu iko munganga moja tu, anaikaa kwenye dirisha, anawaza uriti ya baba yake. Mujane anakufa mwanzoni. Kwa homa!"

Wateja walicheka. Nikarudi nyumbani kukisoma mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani.

Daktari. Dirisha. Urithi. Nilisinzia, wakuu. Na malaria sikuwa nayo.

Hata hapo sikukubali. Niliwaandikia wenzangu kwamba mchapishaji amekata sura. Ndipo nikavuka mto kwenda Alunguli, kwa Yaya Zaina, nipate ushahidi. Nilimkuta anamsuka binti yake.

"Yaya, kile kitabu ulikuwa unatusomea wakati wa vita. Cha Rozali."

Alicheka mpaka mtoto akalia kwamba anavutwa nywele.

"Weye! Miaka yote hii uliamini? Kifaransa yangu ilikuwa ya shule ya musingi. Nafungua, naona maneno, sielewi kitu. Inje bunduki inalia, nanyi wote munaniangalia. Ningefanya aje?"

"Kwa hiyo Rozali..."

Akaacha kusuka.

"Rozali njo mama. Mulikuwa munaniuliza kila siku mama atarudi lini. Sikuwa na jibu. Basi nikamutembeza kwenye pori, namupitisha kizuizi moja, kesho ingine. Hata mimi nilikuwa nataka kujua kama atafika."

Yaya naye alikuwa msichana wa shule tu wakati ule. Sikuwahi kumfikiria akiogopa.

Baadaye akauliza, "Na kitabu chenyewe kinasema nini?"

"Munganga anaikaa kwenye dirisha."

"Eh! Afazali nilivyofanya."

Nilifuta review yangu. Yule wa kusinzia nilimwomba radhi, akanijibu kwa kistaarabu kwamba hakuelewa kabisa habari ya malaria. Papa Kambale bado ananiuliza, kila nikienda kununua sabuni, kama nimeihesabia nyota.

Nilichojifunza: review zangu za nyota tano nyingi hazikuwa za vitabu. Zilikuwa za watu niliokuwa nao nilipokuwa navisoma. Sasa mtu akiniambia kitabu fulani ni kizuri ajabu, namuuliza kwanza alikisoma wapi, na nani alikuwa karibu.

Wiki iliyopita nilimwomba Yaya anisimulie tena Rozali, nirekodi. Mama alikuwa amekaa pale. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Hapana, kile kizuizi cha kwanza sikujifanya kiziwi. Nililia." Wakatazamana. Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza mama alipitaje.

Basi nichekeni, nimekaa tayari. Ila ukimaliza kucheka, tuambie na wewe: kitabu unachokipenda kuliko vyote, ni nani aliyekuwa pembeni yako?