Trauti Kwenye Maji ya Rangi ya Chai

Mama alitoa hukumu Jumapili asubuhi, huku akiokota unyoya wa jogoo kwenye unga wa chapati.

"Leo ndiyo mwisho," alimwambia mjomba, ndugu yake mdogo. "Ukirudi bila ya samaki, fimbo zako zote kesho zinakwenda duka la chariti, zikauzwe kwa sadaka. Nimechoka kuishi na mvuvi asiyevua."

"Dada, mto umejaa. Mvua imenyesha wiki nzima."

"Basi si ndiyo vizuri? Samaki wamepata pa kuogelea."

Hayo yalikuwa majira ya tatu ya machipuko mjomba akivua kwa nzi wa manyoya katika mto Wandle, na hakuwa amepata hata trauti mmoja, samaki wa mito ya baridi. Nzi hao huwafunga mwenyewe kwenye meza yetu ya kulia, hapa Thornton Heath, London, kwa uzi, unyoya na ndoana ndogo kama punje ya mchele, ili trauti adhani kaona mdudu. Fimbo hukaa kwenye korido, na kila wiki moja humwangukia mama kichwani.

Lakini mimi nilikumbuka ilivyokuwa kabla ya mto. Alipostaafu udereva wa basi, mjomba alikaa mwaka mzima dirishani akiyakagua mabasi ya wenzake. "Huyo kachelewa. Huyo kalala." Mto ndio uliomtoa kwenye kile kiti. Kiti bado kipo, na asubuhi ile nilikiona kinamngojea.

Tukatoka. Kwenye basi mjomba alimwamkia dereva kama ndugu wa tumbo moja. Bibi mmoja akauliza kama ule mrija mrefu aliobeba mjomba una fimbo ya pazia ndani yake. Mjomba akajibu ndiyo, pazia la dirisha kubwa sana.

Siku za kawaida Wandle ni mto mwembamba, maji meupe kama gilasi, unaona kila kokoto. Siku ile ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mvua ilikuwa imefagia barabara nzima ikazimwaga taka zake humo: majani, matawi, mpira wa miguu, kiatu kimoja, vyote vikipita mbio kama vimechelewa kazini. Ukingoni mti wa cheri ulikuwa ukimwaga maua, hewa inanukia udongo na majani mabichi, na mimi nimevaa suruali ya mpira inayofika kifuani, kubwa kunizidi mara mbili, kila hatua inalia kama bata. Nilianza kucheka kabla hata hatujafungua chupa ya chai.

Mzee mmoja wa Kiingereza, mwenye mbwa, alisimama darajani akatuambia kwa upole kwamba kwa maji haya hata samaki wenyewe hawaonani.

"Asante," akasema mjomba. "Na sisi hatujawahi kuwaona."

Mjomba hurusha vizuri, hilo hata mama hakatai. Mshipi unakwenda nyuma, unajinyoosha hewani, unarudi mbele na kulala juu ya maji bila kelele. Tabu yake huanzia hapo. Kwenye video anazojifunzia wanasema umtazame nzi, na maji yakitikisika tu, uinue fimbo. Mjomba ametazama mpaka machozi yakamtoka, na kila trauti aliyeuonja unyoya wake alikwisha kuutema kabla yeye hajainua kitu.

Siku ile hapakuwa na cha kutazama. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Vidole vyangu vilikufa ganzi, na moyoni nilikwisha kuanza kuziaga zile fimbo.

"Mjomba, tunywe chai."

"Subiri."

Alikuwa amefunga nzi mwingine, mwenye ushanga wa shaba, wa kuzama. Fimbo kaibana kwapani. Mshipi kaupitisha juu ya kidole cha shahada. Macho kayafumba.

"Unafanya nini?"

"Naacha kutazama. Baba yangu kule Pemba alivua hivi, mshipi na kidole, basi. Mimi mjinga nimenunua fimbo nikakisahau kidole."

Kisha kidole kile kikaruka.

"Yupo! Yupo, yupo, yupo!"

Fimbo akaitupa majanini na kuanza kuvuta kwa mikono, mkono baada ya mkono, mshipi unamzunguka miguuni.

"Mjomba, gurudumu! Zungusha gurudumu la fimbo!"

"Magurudumu nimestaafu! Lete wavu!"

Samaki akikimbia, anamwachia; akichoka, anamchukua. Mimi nikaingia na wavu, nikateleza, nikakaa kitako mtoni maji yakinijaa ndani ya suruali, na wavu nimeuinua juu. Ndani yake alikuwamo trauti.

Hakuwa mkubwa, kiganja na nusu. Ubavu wa dhahabu, na madoa mekundu, kila doa limezungushiwa duara jeupe, kama kuna mtu alikaa akayachora kwa subira. Mjomba alisema mashaallah.

"Mpige picha," alinong'ona.

Simu yangu ilikuwa kifuani mwa suruali. Niliitoa, ikatoka na maji yake. Ya kwake ilikuwa nyumbani, kwenye chaji.

Tulitazamana. Najua alichofikiria, maana na mimi nilikifikiria: mfuko wa plastiki, basi, chungu cha mama. Lakini sheria ya pale ni kumrudisha kila trauti. Walikuwa wametoweka mto mzima, na watu wamehangaika sana kuwarejesha.

"Na huyu kahangaika kukaa London," mjomba akasema, akamshusha majini kwa mikono miwili. "Nenda, bwana."

Nyumbani, tui lilikuwa tayari jikoni na ukwaju umelowekwa. Mama alitazama mikono yetu mitupu.

"Yuko wapi?"

"Tumemrudisha."

"Kwani alikuwa kapotea?"

"Ni sheria, dada."

"Picha?"

Nikaiweka simu mezani. Ikadondosha tone.

"Shahidi?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe! Wewe mtunzi wa uongo, ambaye kwenye riwaya yako umeniua ukurasa wa tatu, na mimi hapa nakaanga vitunguu?"

Mjomba alivua koti na kutazama upande wa dirisha, kwenye kile kiti. Mama akaona anakotazama.

"Lete mkono," alimwambia.

Akaushika, akaunusa kiganjani. Akafumba macho, vile vile alivyofumba mjomba mtoni, akanusa tena, safari hii kidole cha shahada. Na yeye ni mtoto wa yule yule mvuvi wa mshipi wa Pemba.

"Ana matope kidogo," alisema mwishowe. "Lakini samaki."

Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta.

"Fimbo zihamie chumbani kwako, zisiniangukie tena," mama akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe, vua hiyo suruali, kimbia dukani, kaniletee samaki asiye na sheria."