Ubao wa Fundi na Kosa la Injinia

Ukimuuliza wifi yake, Injinia anatengeneza kompyuta. Ndiyo maana kila akija kumtembelea kaka yake, mume wa Injinia, hakosi kitu kilichokufa mkononi: pasi, redio, siku moja hata kengele ya mlangoni. Miaka tisa sasa Injinia anamweleza kwamba yeye hashiki bisibisi, kazi yake ni kuandika. Wifi humsikiliza kwa heshima zote, kisha huiacha pasi mezani na kuaga.

Tusimlaumu sana wifi. Ndani ya kila kompyuta kuna mfumo unaoziamrisha programu nyingine zote, na mfumo huo una kiini chake. Kiini anachokitumikia Injinia kinajengwa na watu wa nchi nyingi ambao hawajawahi kuonana. Wanaandikiana barua pepe tu, na kugombana humo humo. Katika kiini hicho, kila aina ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina msimbo wake wa kupanga kumbukumbu, yaani wa kujua kila kitu kimewekwa ukurasa gani. Injinia anatunza msimbo wa aina moja, nayo ni prosesa ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Kazi ya mshahara anayo kwingine, kwenye kampuni ya lifti. Hii ya prosesa anaifanya Jumamosi na alfajiri, kwa mapenzi yake, na ole wako umwambie ni ya kizamani.

Shukrani alikuwa akipata moja kwa mwaka. Ilitoka kwa muuguzi wa kliniki moja ya mbali, anayepima masikio ya watoto kwa mashine yenye prosesa hiyo. Kila mwaka muuguzi aliandika mstari ule ule: "Mashine yetu bado inafanya kazi, Mungu akubariki." Injinia aliuhifadhi kila mmoja, ingawa ukimwambia hivyo atakana.

Basi Jumatatu moja ikaja barua ya msimamizi mkuu wa kiini, mtu asiyejua kupamba maneno. Alisema anapunguza mzigo. Kama hadi Jumatatu ijayo Injinia hataonyesha kwamba toleo jipya linakaa saa ishirini na nne kwenye mashine halisi bila kuanguka, msimbo wake wote unaondolewa. Injinia alimwandikia muuguzi kumtahadharisha. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo. Kliniki ilikuwa imeshatangaza kwamba mashine isiyopata marekebisho mapya itachomolewa, na nyingine hawana. "Watoto tutawaambia waende mji wa pili," aliandika muuguzi, "na wengi hawataenda."

Mashine halisi Injinia alikuwa nayo moja tu, na ilikaa dukani kwa mume wake, fundi cherehani, chini ya meza ya kukatia. Nyumbani ilikuwa imefukuzwa kwa kelele za feni yake. Fundi aliipokea, akaifanya mahali pa kuwekea chaki na futi kamba.

Injinia akaiwasha Jumanne. Ikaenda dakika arobaini, ikaanguka. Jumatano hivyo hivyo. Akalaumu vumbi. Alhamisi akalaumu umeme. Ijumaa akailaumu pasi ya mume wake, naye Fundi, mtu mpole, akaichomoa na kuwakabidhi wateja suruali zenye makunyanzi kwa ajili ya amani ya ndoa. Kitu ambacho Injinia hakukilaumu ni msimbo wake. Kwenye kompyuta yake ya mezani alikuwa na programu inayoiga ile prosesa, na huko kila kitu kilikwenda kama maji.

Jumamosi asubuhi alikuwa dukani, ameketi kwenye kigoda, ameshika tama. Roho ilikuwa inamuuma, na mtu akiumwa roho hutafuta wa kumchokoza. Fundi alikuwa anahamisha gauni la mteja kutoka rafu ya tatu kwenda ya tano. Kwanza alikwenda kwenye ubao ukutani, unaoonyesha nguo ya nani iko rafu gani, akafuta mstari wa gauni. Akarudi, akalibeba gauni, akaliweka rafu ya tano. Akaenda tena ubaoni, akaandika.

"Fundi, mbona unazunguka hivyo?" akasema Injinia. "Si uandike rafu mpya kwanza, hiyo ya zamani uje kuifuta baadaye? Utamaliza viatu."

Fundi akageuka taratibu, chaki mkononi.

"Hee! Wewe ndiye unaniambia hivyo?"

"Nimekosea nini?"

"Sheria si yako mwenyewe? Umesahau suruali ya bwana harusi?"

Nani asahau? Ndugu wote wa pande mbili waliijua hadithi hiyo, maana Injinia aliisimulia kila watu walipokusanyika, na kila mara aliitia chumvi. Miaka kumi na moja nyuma Fundi alihamisha suruali ya bwana harusi kutoka rafu ya nne, akaandika mahali pake papya, na kabla hajafuta pa zamani akaitwa nje. Rafu ya nne akawa ameweka suruali ya dereva mmoja mwenye kiuno cha pipa. Injinia akaingia kumsaidia, akakuta ubao unataja rafu mbili kwa suruali ile ile, akachagua ya nne, akachukua aliyoikuta humo. Bwana harusi alisimama mbele za watu ameishikilia suruali kwa mikono miwili, pete akavishwa kwa taabu. Hapo ndipo Injinia alipotoa sheria: futa kwanza, hamisha, ndipo uandike. Ubao ukiwa mtupu, atakayeusoma atauliza. Ukitaja mahali pawili, atachagua, na atachagua vibaya.

Injinia alitazama ubao, kisha mashine iliyo chini ya meza. Akavuta kompyuta yake magotini. Fundi alimwona anasoma, anarudi nyuma, anasoma tena, kisha anajifunika uso kwa mikono.

Ile prosesa, kama nyingi, ina kidaftari chake kidogo ambamo hunakili mahali pa kila ukurasa, ili isipekue orodha kubwa kila mara. Ukitaka kuhamisha ukurasa lazima ufute mstari wa zamani, uhakikishe umefutika hata ndani ya kidaftari, kisha ndipo uandike mpya. Injinia aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini mwaka uliopita, siku aliyokuwa na furaha, aliupanga msimbo wake upya, na akatanguliza kuandika mbele ya kufuta kwa sababu mistari ilionekana mizuri zaidi hivyo. Ile programu ya kuiga haina kidaftari. Husoma orodha upya kila mara, kwa hiyo ilimsamehe. Mashine halisi ilikuta mahali pawili, ikachagua. Na juu ya badiliko hilo, kwa mkono wake mwenyewe, Injinia alikuwa ameandika: "Usafi tu. Hakuna kinachobadilika."

"Ni nini?" akauliza Fundi.

"Suruali," akasema Injinia.

Kurekebisha kulimchukua robo saa. Saa sita mchana mashine ikawashwa. Dakika ya arobaini wote wawili walisimama kuitazama kama wazazi wa mtoto anayejifunza kutembea. Ikapita. Usiku duka lilifungwa mashine ikiwa inaunguruma, na Jumapili walirudi mapema kuilinda. Saa tano unusu akaingia wifi na blenda yake iliyokufa. "Hebu niwaonyeshe inavyogoma," akasema, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye waya ulio ukutani. Kelele walizopiga mume na mke zilimfanya jirani muuza viatu atoke nje. Wifi alikaa kwenye kigoda amenuna, blenda kifuani, mpaka saa sita ilipogonga na saa ishirini na nne zikatimia.

Ikabaki barua ya kupeleka rekebisho. Injinia angeweza kuandika "hitilafu ndogo imeondolewa," na hakuna ambaye angepekua. Aliandika hivyo kweli. Akaitazama. Akaifuta, kisha akaandika kwamba kosa lilikuwa lake, aliliingiza mwaka jana akaliita usafi. Desturi ya kiini ni kutaja mwishoni aliyegundua tatizo. Akaandika: mume wangu, fundi cherehani.

Msimamizi mkuu alijibu Jumatatu kwa maneno manne: "Unabaki. Msalimie fundi cherehani."

Jumapili iliyofuata, wifi yupo dukani tena na blenda yake, ikaingia barua ya muuguzi, miezi saba kabla ya wakati wake. Injinia akawasomea kwa sauti. Toleo jipya wameliweka. Juzi wamepima watoto kumi na mmoja. "Wa mwisho mama yake alimleta kwa shingo upande, anasema huyu hana ugonjwa, ni mkaidi, haitiki akiitwa. Mashine imeonyesha masikio yote mawili hayasikii vizuri. Mama amelia, amemwomba mtoto msamaha hapa hapa."

Fundi alifuta macho kwa kipande cha kitambaa, kisha akakohoa.

"Na mimi miaka kumi na moja naitwa mzembe," akasema.

Injinia alicheka, machozi yakimtoka.

"Uliacha mstari mmoja, kweli," akasema. "Lakini ubao ulitaja rafu mbili, na aliyechagua bila kuuliza ni mimi. Nisamehe, mume wangu."

Fundi akaiweka sindano chini.

"Rudia," akasema, "na kwa sauti. Dada yangu pale alikuwa anaangalia blenda."