Chetezo Kilichotoka Jeddah

Kilinivunjikia mkononi, kwenye sinki, nikiosha majivu. Kilikuwa chetezo cha kauri, cheupe chenye maua ya buluu, zawadi ya arusi ambayo madam alipewa na mama yake wa Jeddah. Mdomo ulitoka vipande vitatu. Nilikuwa mwaka wa tatu wa kazi za ndani katika nyumba ile ya Al-Malqa, Riyadh, na nilikuwa nimeomba likizo nikamwone mama yangu Mombasa, mgonjwa. Madam alisema atanijibu mgeni wake akishaondoka. Mgeni mwenyewe ndiye yule mama wa Jeddah.

Basi nikakiunga. Nilikausha vipande, nikavijaribisha kwanza bila gundi, maana gundi ile haikupi nafasi ya kujuta. Nilipovibandika, nikakizika chetezo kwenye sufuria ya mchele mkavu kisiyumbe. Ndipo nikaona mstari wa manjano mguuni mwake. Gundi ya zamani. Kumbe sikuwa wa kwanza! Nikacheka peke yangu.

Mimi nimelelewa na moshi wa udi. Lakini chetezo chetu nyumbani ni cha udongo. Kikivunjika hutupwa, kikanunuliwa kingine. Sikuwahi kuunga hata kimoja, na moto sikuufikiria kabisa.

Siku ya mwisho ya mgeni, kahawa ilipokwisha, bi mkubwa huyo wa Jeddah akaagiza udi. Nikaweka kaa la moto, nikapeleka. Udi haujanukia bado, ikanuka gundi, kisha kipande cha mdomo kikadondoka kwenye zulia.

"Nani amekivunja hiki?" bi mkubwa akauliza.

Macho ya madam yalikwenda moja kwa moja mguuni mwa chetezo. Hapo nikajua ule mstari ulikuwa wa nani.

"Ni mimi, mama," akasema. "Zamani. Niliogopa kukuambia."

Bi mkubwa akamkaripia bintiye, mwanamke mwenye watoto wanne, na mimi nimesimama pale na trei. Kiarabu cha kusema "ni mimi" nilikuwa nacho. Sikukitumia.

Bi mkubwa alipoondoka, madam alikuja jikoni na kile kipande. Akaikagua gundi mpya, akanitazama.

"Halas, yameisha," akasema. "Lete ikama yako. Baba watoto atakuombea ruhusa ya kusafiri."

Niliileta mbio ile ikama, kibali changu cha ukaazi. Niliona aibu, na mpaka leo naiona. Lakini mama nilimkuta hai.