Tutu Juu ya Chetezo

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze habari ya sketi. Si sketi ya kuvaa kwenda sokoni. Ni ile ya wachezaji wa baleti, inayoitwa tutu: neti juu ya neti, zimeshonwa kiunoni zikatoka nje pande zote kama ungo. Aliyeivaa haioni miguu yake mwenyewe, na akikaa kitini sketi humpanda mpaka kidevuni. Usicheke bado, kicheko kipo mbele.

Tutu ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Ibra, hapa Omani, ililetwa ndani ya mfuko mweusi wa taka, kwa sababu haikunjiki. Ilikuwa ya mjukuu wangu wa miaka saba, ambaye mama yake humpeleka Maskati kila Jumamosi kujifunza baleti. Sasa skuli yao ya hapa Ibra ilimtaka acheze peke yake Alhamisi alasiri, mbele ya mama za watoto wenzake. Na mtoto huyu ana haya, hata shikamoo huitoa akiwa nyuma ya nguo ya mama yake. Alikubali kwa sharti moja: aivae tutu ile. Bila tutu, hachezi.

Dada yangu mkubwa, tunayekaa naye, aliitazama ilivyotundikwa mlangoni.

"Chandarua cha nani hiki?"

"Nguo ya kuchezea, dada."

"Mbu gani atazuilika na chandarua kifupi namna hii?"

"Bibi mkubwa, hii tutu," mjukuu akasema.

"Nimesikia, habibti. Na nusu yake ya chini iko wapi?"

Mimi nimesomesha miaka mingi. Swali likiulizwa mbele yangu, hata la mzaha, hulijibu. Nikawaeleza kwamba nusu ya chini ilikuwepo. Zamani wachezaji wa huko Ulaya walivaa magauni mazito ya kuburuta chini, na watu wakawa hawaoni miguu inafanya nini. Wakapunguza mpaka kwenye vifundo. Baadaye ikaja sketi nyeupe, nyepesi, iliyoshuka kama kengele mpaka katikati ya muundi wa mguu, mchezaji akaonekana kama moshi unaotembea. Miguu ilipozidi kujua mambo, kuruka na kuzunguka, sketi nayo ikazidi kupanda, hadi ikawa ungo huu.

"Kwa hiyo kila wakijua zaidi wanavaa kidogo zaidi," dada akasema. "Alhamdulillahi sisi hatukusoma sana."

Jumatano asubuhi dada alirudi kutoka soko la wanawake na udi mpya. Kwetu nguo ya shughuli haitoki mlangoni haijafukizwa. Unatia makaa kwenye chetezo, udi juu yake, unakifunika kwa kitenga cha vijiti, kisha unaitandaza nguo juu ya kitenga ili ishike moshi. Kanzu zetu zote zimepita hapo. Dada akaitwaa tutu, akaipindua juu chini, akaiweka, na lazima nikiri ilikaa vizuri kuliko kanzu yoyote, kama kwamba kitenga kilitengenezwa kwa ajili yake.

"Mtoto wetu hatasimama mbele ya wanawake wa Ibra ananuka plastiki," akasema. Mara mlango ukagongwa. "Nitazamie makaa," akaniambia, akaenda kufungua.

Nikasema ndiyo. Lakini mjukuu alikuwa ameniuliza kama sketi zile za zamani zilikuwa za neti kama yake, na hilo ni swali zuri. Nikageuka nimwelekee. Nikamweleza kwamba zilikuwa za kitambaa chepesi sana, na majukwaa ya wakati ule yaliwashwa taa za gesi, na adui mkubwa wa sketi alikuwa moto. Mchezaji akipita karibu na taa, sketi hushika mara moja, na wako waliokufa. Palikuwa na dawa ya kuchovya kitambaa kisiungue, lakini wengine waliikataa kwa kuwa iliifanya sketi ikakamae na kupoteza weupe wake.

"Kwa hiyo, mwanangu," nikasema, "sketi hizi na moto havikai pamoja."

"Kama hivi, bibi?" akauliza, akionyesha kwa kidole nyuma yangu.

Tutu haikuwaka. Neti ya siku hizi haiwaki upesi, huyeyuka na kunywea tu. Tulipoinyanyua ilikuwa na tobo la ukubwa wa kikombe cha kahawa, limepita tabaka tatu za juu.

Mjukuu hakulia. Alisema taratibu, "Imekufa. Basi sichezi."

Dada alisimama mlangoni akaitazama tutu, akanitazama mimi. "Miaka yote hiyo unasomesha watoto wa watu, na somo lenyewe linaungua mgongoni kwako."

Kisha akaenda kuchukua kikapu chake cha kofia. Dada yangu hushona kofia za mkono, na kofia zetu, ukizitazama vizuri, ni matobo matupu: kila ua ni vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Akakata ukingo ulioungua, akaanza kulizungushia tobo uzi mweupe, mshono kwa mshono.

"Tobo moja ni aibu," akamwambia mjukuu. "Matobo kumi ni mtindo. Njoo unionyeshe mengine tuyatoboe wapi."

Mtoto akasogea. Alianza kwa kidole kimoja cha haya. Ilipofika adhuhuri alikuwa anatoa amri: hapa, hapana, khalas, pale. Kila tobo alilichagua yeye.

Alhamisi alisimama pembeni ya jukwaa, ameganda, nikajua haya imerudi. Akainamisha kichwa, akagusa matobo yake moja moja, kama mwenye kuhesabu. Lilipokwisha la mwisho, akatoka. Alicheza mpaka mwisho, akakosea mara mbili, na hakukimbia. Harufu ya udi ilikuwa imefika safu ya nyuma kabla yake.

Mama mmoja alimuuliza dada tutu ya namna ile inapatikana wapi.

"Zinatoka Unguja," dada akajibu, bila kupepesa jicho.

Nawe ukiwa na tutu na unataka inukie, fanya hivi: fukiza sanduku tupu, toa chetezo nje, subiri sanduku lipoe, kisha itie tutu na ufunge kifuniko.